Makato ni kilo au asilimia? Jinsi nyaraka za programu zinavyotengenezwa kutoka kwenye msimbo

Kwenye mwalo wa Kayenze, wilaya ya Ilemela, mtumbwi ukifika asubuhi kazi huwa ya haraka. Sangara wanatolewa, wanapangwa kwenye kreti, kreti inawekwa kwenye mzani, karani anasoma uzito kwa sauti ili mvuvi naye asikie, kisha anaingiza namba kwenye simu. Simu inatoa jibu kwa shilingi. Mvuvi haoni hesabu ilivyofanyika. Anaona jibu, na jibu hilo ndilo mafuta ya injini, ada ya mtoto na chakula cha nyumbani.

Programu iliyokuwa kwenye simu ile niliirithi. Aliyeiandika alikuwa ameshahama Mwanza, na mnunuzi wa samaki aliyenipa kazi alinikabidhi vitu viwili: msimbo wenyewe, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, na nyaraka zake. Nyaraka zilikuwa kurasa nadhifu za kufungua kwenye kivinjari, zenye orodha upande wa kushoto na viungo vya kubonyeza kila mahali. Hakuna mtu aliyekaa chini akaziandika. Zilitolewa na zana iliyosoma msimbo na kuugeuza kuwa kurasa. Nilizitegemea. Nilipotafuta sehemu ya malipo nikakuta hivi:

```
malipo(kilo, bei, makato)
    kilo: namba
    bei: namba
    makato: namba
    Hurudisha: namba
```

Mwenye biashara alikuwa ameniagiza kwamba makato ya mialo yote sasa yawe asilimia 5, yawekwe ofisini, makarani wasiyaguse tena. Sikuuliza zamani yalikuwaje. Nikaiweka 5 mahali pa makato, nikajaribu kwa kilo 100 na bei ya mfano ya shilingi 8,000. Jibu likaja 760,000. Ukikata asilimia 5 ya 800,000 unapata hiyohiyo 760,000. Nikakabidhi kazi.

Ndani ya msimbo hesabu ilikuwa mstari mmoja: kilo ukitoa makato, mara bei. Yaani makato yalikuwa kilo, si asilimia. Aliyeandika programu alikusudia kilo za kreti, zile ambazo mzani unazisoma lakini si samaki. Na mimi, katika namba zote za kujaribia, nilichagua 100, namba ambayo asilimia 5 yake na kilo 5 ni kitu kilekile.

Mvuvi aliyeleta kilo 40 alipaswa kukatwa kilo 2. Alikatwa 5. Kilo 3 kwa bei ile ni shilingi 24,000. Aliyeleta kilo 300 alipaswa kukatwa 15, naye akakatwa 5, kwa hiyo mnunuzi akamlipa shilingi 80,000 za ziada. Mwenye mtumbwi mdogo alipunjwa, mwenye mzigo mkubwa akaongezewa, na ofisini jumla ya siku haikuonyesha kitu cha kushtua kwa sababu huku kulipungua na kule kulizidi. Aliyegundua ni mvuvi wa mzigo mdogo aliyepiga hesabu kichwani akiwa amesimama pale mzanini. Tulirudi kwenye daftari la karani, tukatafuta mmojammoja, waliopunjwa wakalipwa.

Tangu siku ile swali hili sijaliacha: kompyuta ikitengeneza nyaraka kutoka kwenye msimbo, inajua nini hasa, na haijui nini?

Zana inavyosoma

Tuanze na inavyofanya kazi, maana wengi huichukulia kama mazingaombwe. Programu huanza ikiwa maandishi ya kawaida kwenye faili. Zana ya nyaraka huchukua maandishi hayo na kuyakata vipande vidogo: jina hapa, mabano pale, namba, alama ya kujumlisha. Kisha huvipanga kwa kufuata sarufi ya lugha ya programu, kama mwalimu wa Kiswahili anavyochanganua sentensi ubaoni kwa kuchora matawi: kiima hiki, kiarifu kile, yambwa hii. Kinachotoka ni mti. Tawi moja linasema, hii ni fanksheni, yaani kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake. Kijitawi chake kinasema, jina lake ni malipo. Vijitawi vingine vitatu vinasema, inapokea vitu hivi vitatu.

Mti huo si uvumbuzi wa watu wa nyaraka. Kompyuta huuhitaji hata pale inapotaka kuendesha programu yenyewe. Zana ya nyaraka huupita kwa kusudi jingine: badala ya kutekeleza, inaorodhesha. Inachukua majina, aina za data, kinachorudishwa, nani anamrithi nani, nani anamwita nani. Inaunganisha kila jina na mahali lilipoelezwa, ndiyo maana ukibonyeza neno kwenye ukurasa mmoja unatua kwenye ukurasa wake. Mwisho inamimina yote kwenye kiolezo, na unapata tovuti ndogo.

Mpaka hapo mtu hajaandika sentensi hata moja ya maelezo, na tayari kuna nyaraka. Hizo ndizo nilizopewa mimi, za kweli kwa kila herufi. Zilisema makato ni namba, na ni kweli makato ni namba.

Ili ukurasa useme zaidi ya hapo, lazima mtu aandike maelezo ndani ya msimbo, mahali ambapo zana imefundishwa kutazama. Kila lugha ina desturi yake, na desturi hizi hutegemea vitu vidogo sana. Kwenye Java, komenti (maandishi ambayo kompyuta haiyatekelezi) inayoanza kwa mkwaju na nyota moja ni ya wanaosoma msimbo tu, zana huiruka. Ukiongeza nyota moja, ikawa mkwaju na nyota mbili, Javadoc, zana ya nyaraka ya Java, huichukua na kuipeleka kwenye ukurasa. Nyota moja tu inatenganisha siri ya jikoni na tangazo la mlangoni. Kwenye Go, komenti ikigusana na fanksheni iliyo chini yake ni maelezo ya fanksheni hiyo. Ukiacha mstari mmoja mtupu katikati, uhusiano umekatika. Python hufanya jambo ninalolipenda zaidi. Maelezo yanaandikwa kama maandishi ya kwanza ndani ya fanksheni, katikati ya alama tatutatu za nukuu, nayo hayatupwi programu inapoanza. Yanabaki yameambatana na fanksheni hata ikiwa kazini, kiasi kwamba unaweza kuiuliza programu inayoendeshwa, kwa amri ya `help(malipo)`, nayo ikakujibu kwa maneno yaleyale.

Kuna tofauti nyingine ambayo haionekani kwenye kurasa lakini huuma. Zana kama Javadoc husoma msimbo bila kuiendesha programu. Sphinx ya Python, ukitumia kiendelezi chake cha `autodoc`, hupakia faili zako kabisa kama vile programu inaanza, kisha ndipo inaziomba maelezo. Kwa hiyo kama faili yako inafungua hifadhidata mara tu inapopakiwa, kutengeneza nyaraka kunaigusa hifadhidata. Niliwahi kushangaa kwa nini utengenezaji wa kurasa unakwama kila umeme unapokatika ofisini kwa mnunuzi, wakati mimi niko Nyegezi na kompyuta yangu ina chaji. Faili moja ilikuwa inagonga seva ya ofisini kila inapoguswa. Kosa halikuwa la Sphinx. Msimbo ndio ulikuwa umepangwa vibaya, na kutafuta nyaraka kukatufichulia.

Wazo lilikotoka

Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, chenye tarehe 3 Novemba 1971, Ken Thompson na Dennis Ritchie hawakukitoa kwenye msimbo. Kiliandikwa kando, kwa mkono wa binadamu, na uzuri wake ulitokana na hilo: waandishi walijua wanachokikusudia. Ubaya wake nao ulitokana na hilohilo. Kitu kinachokaa kando husahaulika. Msimbo ukibadilika Jumatatu, mwongozo unabadilika siku mtu atakapopata nafasi, na nafasi haipatikani.

Mwaka 1984 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alipendekeza kugeuza meza yote. Alisema programu iandikwe kama insha ya kusomwa na mtu, na msimbo uwe umepachikwa ndani ya insha hiyo kwa mpangilio unaomfaa msomaji. Mfumo wake, aliouita WEB, ulikuwa na programu mbili. Moja, `tangle`, ilichomoa msimbo na kuupanga kwa ajili ya kompyuta. Nyingine, `weave`, ilisuka insha na kuichapisha kwa ajili ya watu. Aliandika hivyo TeX yenyewe, programu ya kupanga kurasa ambayo wanahisabati wanaitumia mpaka leo.

Njia ya Knuth haikuenea sana kwenye kazi za kila siku. Kilichoenea ni kinyume chake. Javadoc, iliyokuja na Java ya kampuni ya Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1990, iliuacha msimbo ubaki mwenye nyumba, na maelezo yakawa mgeni anayelala sebuleni. Dimitri van Heesch alitoa Doxygen mwaka 1997, ikafikisha desturi hiyo kwenye C++ na lugha nyingine, na mwaka 2008 Georg Brandl akatoa Sphinx, iliyoanza kwa ajili ya nyaraka za Python yenyewe. Kwa Knuth, msimbo umepachikwa ndani ya maelezo. Kwa Javadoc, maelezo yamepachikwa ndani ya msimbo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini inaamua nani anaanza kufikiriwa. Mimi naona tulichopata ni ukaribu: maelezo yako sentimita chache juu ya mstari yanaoueleza, na anayebadilisha mstari hawezi kusema hakuyaona. Tulichopoteza ni masimulizi. Kurasa za Javadoc hukupa kila chumba cha nyumba bila kukuambia uingilie mlango upi.

Shahidi wa pili

Niliporekebisha ile programu, mwenye biashara alirudi kwenye kukata kilo, kwa hoja iliyotoka kwa wavuvi wenyewe: kreti haiongezeki uzito kwa sababu samaki wameongezeka ndani yake. Nikaandika hivi:

```
def malipo(kilo, bei, makato_kilo):
    """Hurudisha fedha anayolipwa mvuvi, kwa shilingi.

    kilo: uzito uliosomwa kwenye mzani, samaki pamoja na kreti.
    bei: shilingi kwa kilo moja ya sangara.
    makato_kilo: kilo zinazotolewa kwa ajili ya kreti na barafu.
        Si asilimia.

    >>> malipo(52, 8000, 2)
    400000
    """
    return (kilo - makato_kilo) * bei
```

Jambo la kwanza ni jina. Makato yamekuwa `makato_kilo`. Hili halikuhitaji zana wala sentensi, na ndilo lililosaidia kuliko yote, kwa sababu jina husafiri. Linaingia kwenye ukurasa wa nyaraka bila kuombwa, linaonekana kwenye msimbo wa kila anayeiita fanksheni hii, linatokea kwenye ujumbe wa hitilafu. Ningekuwa na dakika tano tu za kuandika nyaraka za programu nzima, ningezitumia kubadilisha majina.

Jambo la pili ni ile mistari miwili yenye mishale mitatu. Huo ni mfano wa matumizi, lakini pia ni jaribio. Python ina zana inayoitwa `doctest`, iliyoandikwa na Tim Peters na kuingizwa kwenye toleo la 2.1 mwaka 2001. Inapita kwenye maelezo, inatafuta mishale hiyo, inaendesha kilichoandikwa mbele yake, na kulinganisha jibu na mstari unaofuata. Kesho kijana mwingine akija akaigeuza hesabu kuwa ya asilimia, mfano huu utatoa 407,680 badala ya 400,000, na kazi yake itakataliwa kabla haijafika kwenye simu ya karani yeyote. Rust, lugha nyingine ya programu, imelipeleka mbali zaidi: mifano iliyo kwenye maelezo hukusanywa na kuendeshwa pamoja na majaribio mengine ya programu bila wewe kuomba, na mfano uliopitwa na wakati hukusimamisha palepale.

Angalia lakini nilivyochagua 52 na 2. Ningeandika mfano wa kilo 100 na makato 5, `doctest` ingeupitisha kwa hesabu ya kilo na ingeupitisha kwa hesabu ya asilimia. Mfano mzuri ni ule unaotenganisha maana mbili zinazofanana. Hilo zana haiwezi kukuchagulia, kwa sababu haijui ile maana ya pili ambayo mtu anaweza kuidhania. Anayeijua ni aliyewahi kukosea, au aliyewahi kumwona mwenzake akikosea.

Hapa ndipo penye kiini cha suala zima. Nyaraka tunazihitaji ziwe shahidi wa pili. Msimbo unasema kinachofanyika. Nyaraka zinasema kilichokusudiwa. Mashahidi wakipishana, tunajua kuna jambo la kuchunguza. Lakini kama shahidi wa pili kila alichonacho amekisikia kwa shahidi wa kwanza, kule kukubaliana kwao hakuthibitishi kitu. Nyaraka zilizotolewa kwenye msimbo peke yake haziwezi kupishana na msimbo hata siku moja. Msimbo ukikosea, zitaeleza kosa hilo vizuri, kwa mpangilio mzuri, zenye viungo vya kubonyeza.

Nitoe mifano miwili mingine kutoka programu ileile. Kulikuwa na namba 50 iliyohifadhiwa chini ya jina `UREFU`. Samaki akiwa chini ya hapo, programu inakataa kumpokea. Zana iliandika: UREFU, 50. Kwa mtu wa ziwani hakuna fumbo, sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Lakini kijana aliyesomea kompyuta mbali na ziwa anaweza kudhani ni urefu wa kreti, akaishusha hadi 45 siku mteja akilalamika, na asijue kwamba amemwingiza mwajiri wake kwenye kosa la jinai. Sababu ya 50 haimo ndani ya msimbo. Imo kwenye kanuni za uvuvi, na inaingia kwenye nyaraka kwa mlango mmoja tu, mtu aiandike.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu sababu yake ilikufa huku namba ikiendelea kuishi. Programu ilikuwa inakadiria saa ya gari la samaki kufika Mwanza kutoka Sengerema, na katikati ya hesabu iliongeza dakika 90. Hakuna komenti. Zana ilizitaja dakika hizo kama zilivyo. Zilikuwa za foleni ya kivuko kati ya Busisi na Kigongo. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025, gari likawa linavuka kwa dakika chache, na programu yetu ikaendelea kuwaambia watu wa kiwandani wasubiri saa moja na nusu ambayo haipo tena. Maneno mawili, "subira ya kivuko", yangetosha. Siku ya ufunguzi yeyote kati yetu angeyakumbuka.

Kulazimisha, na mashine zinazoandika sentensi

Watu wengi wakishafika hapa husema: basi tulazimishe. Zana zinaruhusu. Rust inaweza kukuonya kila kitu kilicho wazi kutumiwa na programu nyingine lakini kisichokuwa na maelezo, Javadoc nayo inaweza kulalamika parameta, yaani kitu ambacho fanksheni inapokea, isipoelezwa. Nimejaribu kulazimisha kwa vijana niliofanya nao kazi na nimeona kinachozaliwa. Kwenye fanksheni ya malipo wanaandika "Hurudisha malipo." Kwenye kilo wanaandika "kilo." Zana inaridhika, asilimia ya fanksheni zenye maelezo inafika mia, na msomaji hajaambiwa kitu ambacho jina halikumwambia. Komenti ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwepo, maana pengo humfanya msomaji aulize, na maneno matupu humfanya aamini kwamba jibu limeshatolewa. Mimi sasa nalazimisha mambo mawili tu: kila namba iseme kipimo chake, kilo au shilingi au dakika, na kila namba iliyoandikwa moja kwa moja kwenye msimbo iseme ilikotoka.

Kwa programu zinazozungumza na programu nyingine, kama ya mnunuzi kutuma mizigo kwenye mfumo wa kiwanda, kuna maelezo ya OpenAPI, yaliyokuwa yakiitwa Swagger, yanayotaja kila ombi na kila jibu kwa muundo ambao kompyuta inausoma. Faida yake ni kubwa, ila ugonjwa ni uleule. Kipengele cha data kilichoandikwa "makato: namba" kitasafiri mpaka kiwandani kikiwa bado hakijasema ni namba ya nini.

Halafu kuna mifumo ya akili mnemba, ambayo siku hizi unaipa msimbo inakuandikia sentensi kamili. Ni zana tofauti na zile za mti wa sarufi. Ile ya mti haibuni, inanakili tu. Hii inaandika kile kinachoelekea kuwa kweli kwa kufuata mifano mingi iliyowahi kuisoma. Sitaidharau. Ile hesabu ya kilo ukitoa makato naamini ingeisoma vizuri kuliko nilivyoisoma mimi, kwa sababu mimi sikuufungua msimbo, nilisoma ukurasa. Kwa kueleza msimbo mrefu unafanya nini, inaokoa siku nzima ya kazi. Lakini iulize sababu ya dakika 90. Haijawahi kukaa kwenye foleni pale Busisi jua likiwaka. Itakupa sababu inayosikika vizuri, huenda muda wa kupakia, huenda mapumziko ya dereva, na sentensi hiyo itaingia kwenye nyaraka ikiwa na sura ileile ya sentensi iliyoandikwa na anayejua. Kwa hiyo naitumia hivi: inaandika rasimu ya kinachofanyika, na kila inapotaka kusema "kwa sababu", naifuta naenda kumuuliza mtu.

Na kuuliza huko kumenibadilisha lugha. Zamani maelezo ndani ya msimbo niliyaandika kwa Kiingereza kama nilivyofundishwa. Sasa nayaandika kwa Kiswahili. Zana hazina shida nacho, herufi zetu ni za kawaida. Cha kuangalia ni ile ritifaa ya ng' tu, kwamba neno kama ng'ambo ukilifunga kwa nukuu moja Python itadhani maandishi yameishia katikati ya neno. Ndani ya alama tatutatu halina tatizo. Sababu yangu ni kwamba wanaojua kilichokusudiwa hawaandiki programu. Wako mzanini.

Baada ya marekebisho nilizichapa kurasa za malipo, nikapanda daladala mpaka Kayenze. Karani alikuwa amemaliza mtumbwi wa kwanza. "Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu kwa Kisukuma, akaniita nikae kwenye kreti tupu, akafuta mikono kwenye kanga, akachukua karatasi. Alisoma kwa kidole, polepole, mstari kwa mstari. Majaribio yote ya kompyuta yalikuwa yamepita usiku ule, hakuna hata moja lililogoma. Kidole chake kikasimama kwenye `makato_kilo`.

"Hapa umeandika kreti na barafu."

"Ndiyo, mama."

"Barafu hatumkati mvuvi. Barafu ni ya kwetu sisi, tunaweka tukishapima. Zile kilo 2 ni za kreti na maji yanayobaki chini. Mvuvi akisoma hivi atadhani tunamlipisha barafu yetu."

Hesabu ilikuwa sahihi, mfano wa kilo 52 ulikuwa sahihi, jina lilikuwa sahihi. Neno moja la maelezo lilikuwa la uongo, nami ndiye niliyelibuni, kwa kudhani kwamba penye sangara barafu haikosekani. Hakuna zana niliyoitaja humu ambayo ingelikamata. Nilitoa kompyuta palepale, nikafuta barafu nikaandika maji, nikaendesha `doctest`, nikatengeneza kurasa upya. Akaisoma tena kwenye skrini mpaka mwisho, kisha akauliza kama naweza kumletea karatasi mpya, aibandike ukutani juu ya mzani, upande ambao wavuvi husimama.